Bomba la Shaba Hadi Jikoni kwa Mama

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine wakisema hivyo wanamaanisha wanapenda familia. Mimi namaanisha napenda kochi. Kwetu Buhare, pembeni mwa mji wa Musoma, upepo wa ziwa unafikaga umeshachoka. Unaingia dirishani, unanyanyua pazia kidogo, unaliacha. Mimi na upepo huo tunaelewana sana. Mchana nikijilaza na kutazama dari, nachimba visima, napandisha matenki, napitisha mabomba ndani ya kuta yasionekane. Nikiamka, koki ya sinki bado inadondosha maji vilevile. Mke wangu anauza sato sokoni na hana muda wa kutazama dari. Ananiitaga Injinia. Anayesikia kwa mbali anadhani ni sifa.

Kilichonitoa kochini ni kikohozi cha mama.

Mama anaishi Butiama, mwendo wa gari kutoka kwetu, na ng'ombe wachache, kuku ambao hata yeye hajui idadi yao, na jiko lake la uani. Jiko lenyewe ni kijumba cha udongo kisicho na dirisha. Bati lake kwa ndani ni jeusi na linang'aa kama limepakwa lami. Amepikia humo tangu aolewe, na moshi amekuwa akiumeza tu kama mtu anavyomeza mate, mpaka ikafika mahali hawezi kumaliza sentensi. Anakohoa katikati yake, anashika ukuta, anasubiri, halafu anaendelea na neno lilelile alipoliachia. Sisi tulio mbele yake tunabaki tumeshika nusu ya habari.

Tukamleta hospitali, Musoma. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimsikiliza mgongoni kwa muda mrefu, kisha akauliza:

"Bibi, unapikia nini nyumbani?"

"Ugali."

"Namaanisha moto. Moto gani?"

"Moto huu huu," mama akasema, akinigeukia mimi kwa jicho la kuuliza nimemleta kwa mtu wa namna gani asiyejua moto.

Daktari akacheka, kisha akaacha kucheka. Akatuambia kifua cha mama hakina nafasi tena ya moshi. Dawa atapewa, lakini akirudi kwenye kuni dawa zitakuwa kazi bure, na ipo siku pumzi itagoma kabisa.

Tulimkalisha kwetu Buhare. Alikaa kama msafiri anayesubiri gari: mkoba karibu, kandambili mlangoni, masikio barabarani. Kila asubuhi aliuliza kama ng'ombe wake wameshapelekwa majini, kana kwamba mimi ningejua. Mwishowe akasema anarudi kwake, na hakuna aliyebishana naye, kwa sababu kubishana kunamfanya akohoe.

"Basi mama, nitakuletea gesi," nikamwambia.

"Gesi ikae ndani na mimi? Si bomu lile?"

"Musoma nzima watu wanalala nayo."

"Ndiyo maana mna macho mekundu. Mtungi ukae nje, huko nyuma ya jiko."

"Ukikaa nje, moto utafikaje ndani?"

"Wewe si ulifika fomu foo? Fikiri."

Nikafikiri. Kochini.

Kuna fundi friji karibu na stendi ambaye hukaa kivulini mwa kibanda chake akikunja mabomba ya shaba. Nilikuwaga nasimama kumtazama, nikijifanya nasubiri mtu. Shaba mpya ina ile rangi ya ziwa jua likikaribia kuzama, wakati mawe makubwa ya ufukweni yanawaka kwa ndani na kila kitu kinakuwa kama kimewekwa kwenye asali. Unaikunja kwa mikono, inakubali polepole, na mahali ulipoiacha inabaki. Nikafumba macho, nikaliona bomba moja jembamba likitoka kwenye mtungi, likipenya ukuta wa udongo, likitambaa bila haraka mpaka jikoni kwa mama, na kwenye ncha yake ua la bluu likichanua. Chini ya ua lile hapakuwa na moshi. Mama alikuwa ameketi kando yake, anazungumza, na sentensi zake zote zilikuwa zinafika mwisho.

"Injinia," mke wangu akaniita kutoka mlangoni, beseni la samaki kichwani. "Unatabasamu na nani huko?"

Nikamweleza. Akatua beseni.

"Gesi si ina mpira wake? Shaba ya nini?"

"Ukutani na nje juani mpira unachakaa. Halafu panya wa kule unawajua."

"Panya nawajua. Wewe pia nakujua. Anza na jiko langu hapa, ukituua, mama atakuwa amepona."

Nikaanza na jiko lake. Nilinunua kile kidude chenye gurudumu dogo la kukatia bomba. Unakizungusha taratibu kwenye bomba, linakatika kama muwa. Nikanunua na kibanio cha kutanulia mdomo wa bomba uwe kama tarumbeta, ili nati ikiubana ubane kweli. Midomo ya kwanza ilipasuka. Iliyofuata ikapinda. Nilikaa barazani nikitanua midomo ya shaba siku nzima, na majirani wakipita wanauliza natengeneza hereni. Ili bomba lisijibonyeze kwenye kona, nilisikia unalijaza mchanga mkavu ndio unalikunja. Mchanga tunao, ziwa liko pale. Nikajaza, nikakunja, likatoka na kona laini kama shingo ya bata. Nikafunga kila kitu, nikapaka povu la sabuni kwenye viungo, halikutoa hata kipovu kimoja. Nikawasha. Ua la bluu likachanua, likapiga chafya, likazimika.

"Limekula mchanga wako," mke wangu akasema. "Hata mimi ningekohoa."

Nikafungua, nikapuliza mchanga wote mpaka mashavu yakauma, nikafunga upya. Likawaka, likatulia. Jioni ile tulikula sangara aliyeiva kwa shaba yangu, nami nikatafuna polepole sana ili mke wangu apate muda wa kunisifu. Hakuutumia.

Musoma shaba ya unene ule ilikuwa imeisha, ikabidi niifuate Bunda, kwenye duka la vipuri vya friji. Wakanipa ikiwa imekunjwa mviringo. Nikaivaa begani kama shada la bibi harusi, nikapanda bodaboda kwenda kwa mama. Barabara ile inapita kati ya mashamba ya mtama na pamba na vilima vya mawe yaliyopangana juu ya mengine, na mimi nyuma ya pikipiki nilikuwa nimeshasinzia kwa macho wazi, naona maua ya bluu yakichanua kwenye kila jiko tunalolipita. Dereva akanirudisha duniani.

"Mzee, mtambo mpya huo?"

"Mtambo wa nini?"

"Aa, mimi siulizi. Kila mtu na kazi yake. Ila mkianza, mtukumbuke sisi vijana wa kijiwe."

Ndipo nikaelewa kwa nini kila tuliyempita alikuwa anageuka. Huku kwetu, bomba la shaba lililokunjwa mviringo watu wanalijulia kwenye kazi moja tu: kupoozea mvuke wa gongo. Nimetoka Bunda mpaka Butiama mchana kweupe nimevaa mtambo wa pombe haramu, nikiwapungia watu mkono.

Jirani wa mama, mjane mwenzake anayekaa ng'ambo ya shamba la mtama, alikuwa anapalilia. Akasimama, akaweka kiganja juu ya macho.

"Mama!" akapaza sauti. "Mwanao kakuletea mradi!"

Mama akatoka ndani, akaliona begani, akashika kiuno.

"Mimi?" akasema. "Mimi ninayeongoza rozari kwenye jumuiya, leo nipandishwe kwenye gari la polisi kwa ajili ya—" Kikohozi kikamkamata. Akashika nguzo. Jirani na mimi tukasubiri. "—gongo?"

"Ni bomba la gesi, mama."

"Waeleze polisi."

Lakini kucheka alicheka, na kicheko nacho kikageuka kikohozi, na nikaona kwamba hata mzaha anaulipia kwa pumzi.

Kulikuwa na jambo jingine. Kwetu mwanaume akishatoka jandoni haingii jikoni kwa mama yake. Hakuna aliyeandika sheria hiyo popote, ila kizingiti kile miguu yangu ilikuwa inakijua. Mara ya mwisho kuvuka nilikuwa na kaptula. Nikasimama nje na mfuko wa spana kama mchumba aliyekuja kujitambulisha.

"Ingia basi," mama akasema. "Au umekuja kuangalia ukuta?"

"Wewe unasemaje?"

"Nasema leo wewe ni fundi. Fundi hana mama. Vua viatu."

Akaweka kigoda mlangoni, akaketi kunipa mgongo nusu, ili asionekane ameniona humo. Giza lake lilikuwa lilelile. Mafiga yake matatu yalikuwa palepale katikati, majivu yakiwa na joto, na mwanga uliopenya kwenye matundu ya misumari ulishuka kutoka kwenye bati kama nyuzi. Nikasahau nilichofuata. Nilihisi nimepungua urefu. Kama kuna mtu angenipa kiazi cha kuchoma, ningekaa chini nikakila.

"Usikanyage hapo, ni chungu cha mboga," sauti ya mlangoni ikasema. "Hapo napo usikanyage."

"Sasa nikanyage wapi?"

"Ruka."

Nikatoboa ukuta, nikapitisha bomba, nikalifunga ukutani kwa vibanio. Nje nikaweka mtungi, niliokuwa nimeutanguliza kwa gari pamoja na jiko, kwenye kibanda cha matofali chenye matundu. Ndani, pembeni kabisa mwa mafiga, nikajenga kimeza cha matofali chenye urefu wa kiuno, kama jiko la mjini, na juu yake jiko la sahani moja. Bomba likapanda kwa mstari ulionyooka, likaingia kwenye jiko, shaba kwa chuma, imebanwa kwa spana mpaka nikatoa jasho. Lilipendeza. Nilipaka povu kila kiungo, nikasubiri, povu likakaa kimya. Nikarudi nyuma kulitazama. Nilikuwa nimeota kitu, na sasa kitu hicho kilikuwa kinaning'inia ukutani. Kwangu hilo halijawahi kutokea.

Mama akaingia, nikatoka. Akasimama mbele ya kimeza kama mtu aliyeitwa mbele ya darasa. Akabandika sufuria, maji yakachemka upesi, akatia unga.

Hapa nieleze ugali wenyewe. Ugali wa mama ni wa muhogo na mtama. Si ule wa mahindi unaougeuza kwa vidole viwili huku unaongea na simu. Huu unapigana. Mama anausonga akiwa ameketi, sufuria imekaa juu ya mafiga, mguu mmoja umekanyaga kijiti kinachoibana isizunguke, na mwiko anaushika kwa mikono miwili kama jembe. Mimi ugali huo nimeula tangu nipate meno, na katika kukata kwangu kote, kutanua kwangu na povu langu lote, hata siku moja sikuuwaza. Nilitengeneza jiko la kuchemshia chai.

Akausonga akiwa wima. Sufuria ikazunguka. Akaibana kwa tumbo, akaweka nguvu. Jiko zima likaanza kucheza ngoma juu ya matofali, na kila lilipocheza lilikuwa linavuta shaba, na shaba iliyonyooka haina pa kupinda. Nikiwa mlangoni nikasikia mluzi mwembamba. Kisha ile harufu.

Nitasema ukweli kuhusu mwendo wangu. Nilikimbia. Niliupita mtungi, ambao ndio wenye koki kubwa, nikaja kusimama zizini, katikati ya ng'ombe, ambao waliniangalia kwa huruma. Mama ndiye aliyefunga koki ya ndani, akatoka taratibu na mwiko wake mkononi, akaenda nyuma, akafunga na ya mtungi.

"Nimefunga," akaniambia kwa mbali. "Unaweza kuja. Au umehamia huko?"

Akasubiri harufu iishe kabisa, kisha akarudi ndani, akachochea majivu, akaweka kuni. Ugali ulikuwa nusu, hauwezi kuachwa. Moshi ukatoka mlangoni na chini ya bati, mzito, mweupe. Nikaketi kwenye jiwe la uani nikamsikiliza. Anasonga, anakohoa. Anasonga, anakohoa. Kati ya kikohozi na kikohozi palikuwa na ukimya mrefu, nami nikajikuta najizuia kuvuta pumzi mpaka nimsikie tena. Aliponiletea ugali, macho yake yalikuwa yanachuruzika.

"Mama, hicho si kitu cha kushindwa. Nitabana zaidi."

"Ubane nini? Ugali wangu ni huu, mikono yangu ni hii. Nisipousonga nile nini, mkate?" Akapumzika, akavuta hewa. "Chukua dude lako baba, urudi nalo. Nashukuru ulifika."

Aliponiita baba kwa sauti ile ya kumbembeleza mtoto, nilijua ameshaamua. Na nilijua alichoamua ni nini, hata kama yeye alikuwa anazungumzia ugali tu.

Asubuhi nilikuwa nimeanza kufungua nati. Nilizifungua polepole sana, kwa sababu sikutaka zifunguke. Mama alikuwa mlangoni kwenye kigoda chake, anachambua mlenda.

"Kitu kimoja sikielewi," akasema, bila kugeuka. "Nani alikwambia sufuria ikae juu ya chuma?"

"Ndiyo jiko lenyewe, mama. Lina miguu ya kuwekea sufuria."

"Hiyo miguu si ya kuku? Sufuria yangu ina pa kukaa. Hilo dude lako kazi yake si moto tu? Basi lilete moto, lisinibebee sufuria."

Nikaacha spana. Nikayatazama mafiga. Mawe matatu meusi, yamezama ardhini, hakuna mwiko uliowahi kuyatikisa. Nikayatazama muda mrefu, kichwa changu kikaanza kuelea kama nilivyokizoea, ila safari hii kilikuwa kinaelea mahali pa maana.

Nikabomoa kimeza. Nikazoa majivu yote, nikachimba kidogo kati ya mafiga, nikaweka tofali, juu yake jiko la sahani moja, likakaa chini kiasi kwamba moto wake unalamba sufuria lakini chuma chake hakiigusi. Sufuria ikakalia mawe. Bomba la shaba nililiishilizia ukutani, mbali na moto, na kutoka hapo nikaunga ule mpira wa gesi ambao mke wangu alikuwa ameusema tangu mwanzo, nikaupitisha nyuma ya jiwe, ili hata jiko likisogea lisivute shaba. Sijamwambia mke wangu sehemu hiyo. Chini ya mlango pana uwazi ambao kuku wanapita, nikauacha vilevile, maana gesi ikivuja inatambaa chini, itoke na kuku. Povu, kimya. Nikamwomba mama autikise mpira, autikise ukuta, asukume, avute. Povu, kimya.

"Sasa toka," akasema. "Nipike."

Nikatoka, nikasimama karibu na koki ya mtungi, mkono juu yake, nimejiapiza kwamba leo sikimbii. Nikasikia maji. Nikasikia unga ukimwagwa. Kisha mwiko, ule mdundo mzito, na pumzi zake akisukuma, na kijiti kikilia juu ya jiwe. Nikanusa hewa: mtama ulioiva, na hapakuwa na kingine. Kwenye bati hakikutoka kitu. Mwanga ulilala juu yake mweupe, mtupu, na juu yake anga ya Butiama ilikuwa wazi mpaka ndani. Nikasahau kuutoa mkono kwenye koki. Sikumbuki nilisimama hapo muda gani.

Kilichonishtua ni jirani. Alikuwa anakuja mbio akikata shamba la mtama, khanga mkononi, jembe kaliacha huko huko.

"Yuko wapi?" akaniuliza, anahema. "Mama yuko wapi? Naangalia paa tangu asubuhi, moshi hakuna! Nikasema basi, leo ameondoka!"

"Nimeondoka kwenda wapi?" sauti ikatoka jikoni. "Njoo ule."

Jirani akaingia. Nikawasikia wameinama wote wawili juu ya ule moto.

"Ee Mungu wangu. Huu unawaka nini sasa?"

"Unawaka hivyo hivyo."

"Na usiku haurukii mtu?"

"Unaufunga hapa. Jaribu. Zungusha, usiogope, si marehemu mumeo huyu."

Wakacheka. Mama alicheka, kikohozi kikaja, kifupi, kikaisha, akaendelea kucheka. Daktari alikuwa amesema kifua hakiponi kwa siku moja, nami sikutegemea kipone.

Walikula hapo hapo, mimi nikaletewa changu nje. Walipomaliza mama akatoka, akazunguka nyuma ya nyumba mahali anaposhindilia kuni zake za msimu mzima, chini ya turubai. Akazitazama. Akalifunua turubai.

"Mwenzangu, zibebe," akamwambia jirani. "Zote."

"Zote? Na gesi ikiisha?"

"Huyu atakuja na nyingine. Ana kazi gani?" Kisha akanigeukia. "Msaidie kubeba."

Kwetu mwanaume habebi kuni kichwani, lakini mkokoteni haukuwepo, na siku hiyo nilikuwa nimeshaingia jikoni, aibu gani iliyobaki? Jirani akanikunjia ngata ya majani, akanitwika mzigo, akacheka mpaka akakaa chini. Nikavuka shamba la mtama na kuni za mama kichwani, shingo inapinda, vumbi la magome linaniingia machoni, na nyuma yangu nikasikia mama akituita kutoka uani, kwa sauti ndefu, kwamba tukifika tusizipange kwenye mchwa.